Mwani juu ya matumbawe yaliyojeruhiwa: Chanzo chake na tiba katika tangi la nyumbani

MWANI unapoota juu ya matumbawe yanayofugwa katika tangi la kioo, mfugaji hukimbilia mswaki au dawa. Kwa siku chache tangi hupendeza, kisha mwani hurejea ukiwa mwingi kuliko awali. Sababu ni kwamba mwani huo kwa kawaida hukalia mahali ambapo nyama ya tumbawe imekwisha kufa, na hustawi kwa sababu maji yenyewe yanaulisha. Asiyetibu jeraha na maji atasugua maisha yake yote.

Kwa mkazi wa Kitengela, mji wa Kajiado au Magadi, anayeishi mamia ya kilomita kutoka Bahari Hindi, jambo hili si la urembo pekee. Tumbawe likifa tangini, aghalabu nafasi yake hujazwa na jingine, na mengi yanayouzwa duniani yametolewa katika miamba ya baharini ambayo tayari imedhoofika.

Tumbawe na mwani wake

Tumbawe ni mnyama, ingawa wengi hulidhania kuwa jiwe au mmea. Nyama yake ni utando mwembamba uliotandazwa juu ya mifupa ya kalisi kaboneti. Ndani ya utando huo huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya nguvu anazohitaji. Maji yakipata joto kupita kiasi, ushirika huo huvunjika, mwani huo hutoka na tumbawe hubaki jeupe.

Mwani unaomsumbua mfugaji ni wa aina nyingine. Upo wa kijani unaofanana na nywele, upo wa mapovu ya kijani, na upo utando mwekundu wenye utelezi, ambao kwa hakika ni bakteria wanaotumia mwanga kama mimea. Tumbawe lenye afya hujikinga kwa ute na kwa seli zake zinazochoma. Nyama ikichubuka au kufa, mfupa hubaki wazi, na katika muda wa siku chache mwani hushika mahali hapo.

Majeraha husababishwa na mambo mengi: tumbawe kuanguka, samaki kulidonoa, taa kali iliyowashwa ghafla, chumvi kupanda na kushuka, au umeme kukatika usiku wa baridi ya Julai na maji kupoa. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita.

Maji ya Kajiado

Kaya nyingi katika kaunti hii hutegemea visima na malori ya maji. Maji ya visima vya ukanda huu mara nyingi huwa na madini mengi, yakiwemo floridi. Mfugaji akichanganya chumvi ya bahari na maji ya namna hiyo, huenda akaingiza tangini naitreti, fosfeti na silika, ambavyo ni mbolea kwa mwani. Kila akijaza maji yaliyopotea kwa mvuke, huiongeza mbolea hiyo, kwa kuwa mvuke huondoka na madini hubaki.

Dawa ya kwanza, kwa hiyo, ni maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi kisha kupitishwa katika kichujio cha kuondoa madini yaliyosalia. Anayenunua maji katika maduka ya maji safi mtaani hana budi kuuliza kama yameongezwa madini ili yapendeze kunywewa.

Je, magadi yanafaa?

Matumbawe huhitaji kaboneti ili kujenga mifupa, na soda inayotengenezwa kutokana na magadi ni sodiamu kaboneti, kemikali ileile ambayo wafugaji wengi duniani hutumia kuongeza kaboneti tangini. Ziwa Magadi limechimbwa tangu kampuni ya soda ilipoanzishwa mwaka 1911, na tangu 2005 shughuli hiyo imekuwa chini ya kundi la Tata la India.

Hata hivyo, magadi yanayouzwa sokoni kwa kupikia maharagwe au githeri hayafai. Yana floridi na uchafu mwingine, na kiasi chake hubadilika kutoka kipande hadi kipande. Anayetaka kuongeza kaboneti anunue iliyosafishwa kwa matumizi ya chakula au maabara, aiyeyushe katika maji safi na kuitia kidogo kidogo. Kiwango kinachopendekezwa ni digrii 7 hadi 11 za ugumu wa kaboneti, na kisipandishwe zaidi ya digrii moja kwa siku. Kikipanda ghafla, nyama ya tumbawe huweza kuungua, na jeraha jipya likawa makao mapya ya mwani.

Tiba hatua kwa hatua

Kwanza, pima maji. Naitreti isizidi miligramu 10 kwa lita, na fosfeti isizidi takriban 0.1. Usijaribu kuviondoa kabisa, maana matumbawe nayo huvihitaji kwa kiasi kidogo.

Pili, mtoe mgonjwa. Liweke tumbawe katika bakuli lenye maji ya tangi, ung'oe mwani kwa kibano na kusugua mfupa uliokufa kwa mswaki laini. Usisugue ndani ya tangi, kwa kuwa vipande vya mwani husambaa na kuota kwingine.

Tatu, ikiwa mwani umezama katika mfupa, kata sehemu iliyokufa kwa koleo kali. Mpaka kati ya mfupa na nyama hai waweza kufunikwa kwa supagluu nzito ili mwani usipate pa kushika. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa katika maduka ya dawa huua mwani ikidondoshwa juu yake kwa dakika moja hivi, tumbawe likiwa nje ya maji, kisha likasuuzwa. Isiguse nyama, isimiminwe tangini, na ijaribiwe kwanza katika kipande kidogo.

Nne, punguza chakula cha samaki, badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji kila wiki, na taa ziwake kwa saa nane hivi kwa siku.

Tano, tafuta walaji wa mwani. Konokono wa baharini ndio wanaofaa tangi dogo. Kangaja na tafi hula mwani kwa bidii, lakini huhitaji tangi kubwa.

Baada ya hapo, subira. Nyama huufunika mfupa upya polepole, kwa wiki au miezi.

Tahadhari

Baadhi ya jamaa za matumbawe wenye umbo la vifungo vya nguo hubeba sumu kali iitwayo palitoksini. Vaa glavu na miwani, wala usichemshe mawe ya tangi kamwe kwa nia ya kuua mwani. Katika nchi kadhaa, familia zimelazwa hospitalini baada ya kuvuta mvuke wa mawe hayo.

Funzo la pwani

Yanayotokea tangini hutokea pia baharini. Mwaka 1998 joto kali liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na mwani ukatanda juu ya mifupa. Nchini Jamaica, eneo lililofunikwa na matumbawe hai lilishuka kutoka zaidi ya asilimia 50 mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Samaki walaji mwani walikuwa wamevuliwa mno, kimbunga kikapiga mwaka 1980, na kuanzia 1983 maradhi yakaua karibu nungu wa baharini wote, wale viumbe wa mviringo wenye miiba waliobaki kuufyeka mwani huo.

Kenya ilipata kinyume chake. Mahali ambapo kikande na samaki wengine wanaowala nungu hao walivuliwa, nungu walizidi na kuutafuna mwamba wenyewe. Usawa ndio unaotakiwa, baharini na tangini.

Mfugaji akumbuke pia sheria. Katika hifadhi za taifa za baharini, kama vile Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968 na Mombasa mwaka 1986, hairuhusiwi kutoa kitu. Aidha, matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hayavushwi mpaka bila kibali. Anayenunua adai kipande kilichokuzwa kitaluni, tena baada ya kuhakikisha kuwa maji yake yamepona. Kuweka tumbawe jipya katika maji yaliyoliua la awali ni kulitayarishia mwani malisho.