Kilichotupwa na Leksa

Kabla kompaila haijaelewa chochote, hukata. Maandishi ya programu huingia yakiwa mfululizo wa herufi, na leksa huyagawa vipande: jina, namba, bano, alama ya kujumlisha. Kila kipande huitwa tokeni. Ubishi ambao haujaisha tangu miaka ya 1950 ni kuhusu tokeni ibebe nini na iache nini.

FORTRAN, lugha iliyotolewa mwaka 1957 na kikundi cha John Backus pale IBM, haikuzijali nafasi tupu hata kidogo. Ukiandika DO 10 I = 1,10 umeanzisha mzunguko wa kurudia mara kumi. Ukiteleza ukaweka nukta badala ya mkato, kompaila huona kigeu kiitwacho DO10I kikipewa thamani 1.10, na wala hailalamiki. Kwa hiyo leksa ilibidi ichungulie mpaka kwenye mkato ndipo ijue neno la kwanza lilikuwa nini. Lugha nyingi zilizofuata ziliukwepa mtego huo, na zilifanya vyema.

Mwaka 1975 Mike Lesk na Eric Schmidt, huyu aliyekuja kuiongoza Google, walitoa Lex pale Bell Labs. Unaipa kanuni za ruwaza, nayo inakuandikia leksa kwa lugha ya C. Tokeni yake ilikuwa namba tu ya kutaja aina. Herufi zenyewe zilikaa kwenye yytext, na tokeni ya pili ikifika, za kwanza zimeshafutwa. Maoni ya mwandishi na nafasi tupu kwa kawaida vilitupwa palepale. Kompaila haikuvihitaji, na kumbukumbu ya mashine za wakati ule ilikuwa finyu.

Waliovihitaji walikuja baadaye: programu za kupanga msimbo, za kubadili jina la kigeu kila linapotokea. Nani atakubali kurudishiwa faili lake bila maoni aliyoyaandika? Roslyn, kompaila ya Microsoft ambayo msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2014, ilizibebesha tokeni nafasi na maoni yanayozizunguka. Ziunganishe zote, utapata faili lilelile, herufi kwa herufi. Gharama yake ni vitu vingi zaidi vya kutunza. Lugha ya Go ilibana matumizi: mahali pa tokeni ni namba moja tu, na jedwali la pembeni ndilo linalojua faili, mstari na safu.

Leksa ya msingi ya Rust ndiyo inayonivutia zaidi. Tokeni yake ina mambo mawili, aina na urefu. Ukitaka kujua ilipo, jumlisha urefu wa zilizotangulia. Ukitaka herufi, rudi kwenye faili. Nafasi tupu nayo ni tokeni, maoni vilevile. Alama > hutoka mojamoja, na kuziunganisha ni kazi ya hatua inayofuata. Waandishi wa C++ waliolazimika hadi mwaka 2011 kutenganisha mabano mawili ya kufungia ya namna hiyo kwa nafasi, ili yasidhaniwe kuwa alama ya kusogeza biti, wataelewa kwa nini hilo si dogo.