Kutu na Mhuri

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Nami ningeongeza: akililia msasa wa kuusugua wembe wa kale, mfundishe kwanza kuusoma.

Wembe wa kukunja, ule uliotumiwa na vinyozi wa zamani, ulitengenezwa zaidi Sheffield, Uingereza, na Solingen, Ujerumani. Sheffield iliinuliwa na fundi wa saa, Benjamin Huntsman. Katika miaka ya 1740, akitafuta pua bora ya springi za saa, aliiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo hadi ikawa safi na sawia. Pua ya namna hiyo ilishika makali vizuri, lakini haikustahimili unyevu. Ilipofika mwaka 1913, Harry Brearley alipotengeneza mjini humo pua isiyoshika kutu, nyembe za kubadilisha za Mmarekani King Gillette zilikuwa sokoni tangu 1903.

Kutu si uchafu uliotua juu ya chuma. Ni chuma chenyewe, kilichogeuka baada ya kukutana na hewa na maji. Kwa hiyo kuondoa kutu ni kutambua hasara iliyokwisha kutokea. Ile ya juu hutoka kwa mafuta na msasa laini. Iliyochimba vishimo ni shauri jingine: ili kishimo kitoweke, sharti chuma chote kinachokizunguka kishushwe hadi usawa wake. Kishimo cha mgongoni hakidhuru. Cha kwenye makali hufanya ncha imeguke wakati wa kunoa, na wembe huo haufai shavuni. Tena kazi hii ni ya mkono. Mashine hutia joto, na bapa jembamba likipata moto mwingi hupoteza ugumu wake.

Ninao wembe mmoja wa Sheffield. Shingoni, karibu na kiungo cha mpini, pamepigwa mhuri wenye neno "England". Neno hilo ni ushahidi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 iliagiza bidhaa za kigeni zitiwe jina la nchi zilikotoka, na tangu hapo jina hilo likazidi kuonekana kwenye nyembe.

Mjukuu wangu alisema, "Babu, tuusugue mpaka ung'ae kama kioo." Nikamwonyesha herufi zile, zisizo na kina hata cha unene wa ukucha, nikamwuliza: tukizifuta, nani atatusimulia umri wake? Tukaondoa kutu nyekundu, tukayaacha madoa meusi na vishimo vya mgongoni, tukaupaka mafuta.

Niliwaambia hivyo hivyo walimu wanafunzi wangu wa historia. Zipo aibu za zamani ambazo mtu angependa kuzisugua zisionekane. Zikae. Ondoa kinachoendelea kula, ukauache kilichokwisha kuandikwa.