Suluhu, Si Kutoshana Nguvu

Wachezaji wawili wa klabu hapa Keringet, Kuresoi, mmoja mwenye kiwango cha 1800 na mwenzake 1600, wakimaliza mchezo wa sataranji bila mshindi, huambiwa "wametoshana nguvu". Msemo huo ni wa watangazaji wa kandanda. Sasa kamati moja imeuingiza katika orodha yake ya istilahi. Niliupinga mbele yao, nikajibiwa kwamba umma umeshauzoea.

Umezoea kosa. Nguvu za mchezaji wa sataranji hupimwa kwa tarakimu, na tangu 1970 shirikisho la kimataifa, FIDE, limetumia hesabu ya Arpad Elo. Kwa hesabu hiyo, pakiwa na tofauti ya alama 200, aliye juu hutarajiwa kuvuna pointi 0.76 kwa mchezo. Wakigawana nusu kwa nusu, na kizidisho cha kila mmoja kikiwa 20, wa chini huongezewa alama 5.2, wa juu akapunguziwa kiasi hicho hicho. Wangekuwa wametoshana nguvu kweli, hesabu isingemsogeza yeyote.

Neno ninalolitetea ni suluhu. Asili yake ni Kiarabu, sulhu, yaani mapatano baada ya ugomvi, na limetuzalia suluhisha, usuluhishi na msuluhishi. Sataranji nayo ilitufikia kwa Kiarabu, kutoka Kiajemi, ambacho kiliipokea kutoka Kisanskriti, chaturanga, jeshi la viungo vinne: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Vita hivyo vikikosa mshindi, vinastahili neno la vita. Watu wa Kuresoi hawahitaji kufafanuliwa suluhu. Februari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, kambi za Kibaki na Raila zilitia saini mapatano chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, na hazikuhitaji kwanza kuthibitisha kwamba zililingana.

Mpinzani wangu mmoja hudai kwamba mchezaji akikosa hatua yoyote halali ilhali mfalme wake hashambuliwi, hakuna aliyepatana na mwenzake. Amesahau msuluhishi. Ugomvi humalizwa na wahasimu wenyewe au na mwamuzi, na hapo mwamuzi ni kanuni. Hali hiyo iitwe mkwamo; matokeo yake ni suluhu.

Sare siikatai, ila hutaja kufanana tu, kama nguo za shule.

Katika matumizi: sogeza kete, sema "naomba suluhu", kisha bonyeza saa.