Anga la Kongo: mwenye anga ni yule anayesikika

Leo tuinue macho kidogo. Tunazungumza kila siku juu ya madini, udongo na misitu, lakini kuna mali nyingine ya Kongo ambayo watu wachache wanaifikiri: anga. Kuna ndege kubwa zinazotoka kusini mwa Afrika kuelekea Ulaya ambazo zinapita juu yetu bila kutua. Hazichukui abiria wetu hata mmoja. Lakini kwa kupita tu, zinadaiwa makuta. Na Kongo nayo inadaiwa kitu: sauti ya mtu anayejua ziko wapi na anayezizuia zisigongane.

Hiyo ndiyo kazi ya Régie des Voies Aériennes, RVA. Wengi tunaijua tu juu ya Go-pass. Mbele ya kuilaumu ama kuisifu, tujue kwanza imetoka wapi.

Tuanzie mbali. Mu 1920 Wabelgiji walianzisha LARA, ndege za majini zilizofuata mto kati ya Kinshasa na Stanleyville, Kisangani ya leo. Ilidumu miaka miwili tu. Mwaka 1925 Edmond Thieffry aliruka kutoka Bruxelles tarehe 12 Februari, akafika Léopoldville tarehe 3 Aprili. Siku 51! Wakati ule hakukuwa na lazima ya mtu wa kuongoza ndege: ndege ilikuwa moja, na rubani aliangalia mto na reli chini yake.

Lazima ilikuja ndege zilipoongezeka. Mwezi wa Desemba 1944, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Chicago. Kifungu cha kwanza kinasema kila Leta ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Wengi wanakumbuka hicho tu. Lakini kuna kifungu cha 28 kinachosema Leta itoe, kwa kadiri inavyoweza, viwanja, redio, habari za hali ya hewa na huduma zingine za kuongoza ndege. Yaani haki na mzigo vinatembea pamoja.

Miaka miwili nyuma ya pale, 1946, Ubelgiji iliunda kwao shirika la viwanja na anga. Jina lake? Régie des Voies Aériennes. Ndiyo, jina lile lile.

Uhuru ulipofika mwaka 1960, mafundi wengi Wabelgiji waliondoka kwa majuma machache tu. Minara ya kuongoza ndege ilibaki karibu bila watu, na wakati ule ndege za Umoja wa Mataifa zilikuwa zinaleta askari na chakula. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, OACI, lilipaswa kutuma wataalamu ili redio zisinyamaze. Tulikuwa na bendera, lakini sauti ya anga letu ilikuwa ya kuazima.

Mwaka uliofuata, tarehe 17 Septemba 1961, Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliondoka N'djili kuenda Ndola. Kwa usalama, karatasi ya safari iliandikwa kwamba ndege inaenda Luluabourg, Kananga ya leo, na marubani walinyamazisha redio kwa sehemu kubwa ya njia. Usiku ule ndege ilianguka karibu na Ndola, na hakuna aliyepona. Sababu yake inabishaniwa mpaka leo. Ila jambo moja liko wazi: ndege iliyonyamaza, hakuna wa chini anayeweza kuifuata.

Mu 1972 Leta ya Mobutu ikaunda RVA yetu. Ona ajabu ya historia: ilikuwa miaka ya authenticité, nchi imekuwa Zaire, watu wanabadilisha hata majina yao ya ubatizo, lakini shirika la anga likapewa jina la lile la Bruxelles. Wabelgiji wenyewe waliliacha jina hilo mwaka 1998. Sisi tunalo bado.

Ngambo ya mto walichagua njia nyingine. Tarehe 12 Desemba 1959, kule Saint-Louis, Senegali, nchi zilizokuwa chini ya Ufaransa ziliunda ASECNA, shirika moja la kuongoza ndege kwa anga la wote. Kongo-Brazzaville imo. Makuta ya ndege zinazopita yanakusanywa pamoja, na wafanyakazi wengi wanafunzwa kwenye chuo kimoja, EAMAC ya Niamey. Kwa hiyo Maya-Maya na N'djili, viwanja viwili ambavyo mto tu unavitenganisha, viko chini ya mashirika mawili, na kila siku yanapaswa kupigiana simu ili ndege zao zisivukiane vibaya. Upande wetu wa mashariki pia kuna mfano: kwa miaka mingi anga la juu la Rwanda na Burundi liliongozwa kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo kushirikiana haiko haya. Kongo ilichagua kubaki peke yake, na hiyo ni haki yake.

Lakini kubaki peke yako kunagharimu. Redio ya kawaida ya ndege, VHF, mawimbi yake yanaenda moja kwa moja. Hayakunjiki kufuata mviringo wa dunia. Ndege iliyo kilomita 10 juu inasikika vizuri mpaka kama kilomita 350 ama 400 kutoka kwa antena. Sasa fanya hesabu: nchi iko na kilomita za mraba 2,345,000, na kutoka Kinshasa mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,500. Antena moja Kinshasa haitoshi. Inapaswa kupanda antena nyingi, kuziunganisha kwa setelaiti, kuzipa umeme usiku na mchana, na kuweka fundi kwa kila moja. Redio nyingine, HF, inafika mbali, lakini radi za ikweta zinaijaza kelele.

Matokeo yake marubani wanayajua. Chama cha makampuni ya ndege, IATA, kiliweka utaratibu kwa sehemu za Afrika ambako kontrolere hasikiki vizuri, na anga la Kinshasa limo. Rubani anafungua 126.9 na kutangaza mwenyewe: niko hapa, kimo hiki, naelekea kule. Wenzake wanasikiliza na kujipanga. Ni njia nzuri ya kuokoa maisha. Lakini inatuambia kwamba mwenye nyumba hasikiki ndani ya nyumba yake.

Mimi nimesoma agronomia, na kwetu tunajua hivi: hati ya shamba haizuii magugu. Unaweza kuwa na karatasi yenye mihuri yote, lakini kama hulimi, msitu unarudi. Anga nalo liko vile. Chicago ilitupa hati. Kulima ndiyo kazi ya antena, rada, jenereta na kontrolere aliyelala vizuri na kulipwa kwa wakati.

Ndiyo maana swali la Go-pass ni halali. Mwaka 2009 abiria alianza kulipa dola 10 kwa safari ya ndani na 50 kwa safari ya inje, na lengo lililotangazwa ni kujenga upya viwanja na vyombo. Zaidi ya hiyo kuna makuta ya ndege zinazopita juu. Mtu wa Mbuji-Mayi ama Kindu, ambako barabara ya kufika Kinshasa karibu haipo, hana njia nyingine. Analipa na anapanda. Ana haki ya kuonyeshwa, mwaka kwa mwaka, ni antena ngapi zimepandwa na makuta yake.

Wengine wanasema tuingie ASECNA, wengine wanasema uhuru kwanza. Kwangu mabishano hayo yaje ya pili. La kwanza ni kwamba makuta yanayotoka angani yarudi angani, na vijana wa elektroniki, meteorolojia na hesabu waliomo humu wapate mashindano ya wazi ya kuingia kazi hiyo. Mwaka 1960 tuliazima sauti kwa sababu hatukuwa na watu. Leo watu tuko nao. Ninyi mnasemaje?