Mchezo wa Kiholanzi Mbele ya Macho ya Kampala

Mashindano ya televisheni yaitwayo Big Brother yalizaliwa Uholanzi mwaka 1999. Mwaka 2003 yaliundwa upya kwa ajili ya Afrika: watu 12 wa nchi 12 wakafungiwa katika nyumba moja nchini Afrika Kusini kwa siku 106, kamera zikiwatazama usiku na mchana. Tuzo ilikuwa dola 100,000.

Waholanzi walibuni mchezo wa mtu na mtu. Kampala iliupokea kama mechi ya mataifa. Gaetano Kaggwa, mwanafunzi wa sheria wa Makerere, akawa ndiye Uganda. Alipopelekwa kwa muda katika nyumba ya Waingereza, mashabiki walijiona wamesafiri naye. Lakini mapenzi yake na binti wa Afrika Kusini yalizua zogo. Viongozi wa dini walilaani. Huko Malawi, bunge lilitaka matangazo yakomeshwe. Nami, kijana wakati ule, nililaani mchana na kutazama usiku.

Ushindi ulimwendea Cherise Makubale wa Zambia, akifuatiwa na Mwisho Mwampamba wa Tanzania. Hata hivyo Gaetano alipokewa nyumbani kwa shangwe za bingwa, na baadaye akawa mtangazaji wa redio papa hapa Kampala.