2,147,483,647: Namba tasa inayoweza kurudisha saa ya simu mwaka 1901

Ukiiona haraka haraka unaweza kudhani ni namba ya simu ya mtu. Lakini 2,147,483,647 iliwahi kuifanya YouTube ibadili mfumo wake wa kuhesabu, na mwaka 2038 itasumbua tena.

Ni namba gani hii?

Ni namba tasa, yaani inagawanyika bila baki kwa 1 na kwa yenyewe tu. Kuipata, zidisha mbili 31 pamoja (2 x 2 x 2...), kisha toa 1. Namba tasa za aina hii huitwa za Mersenne, jina la mtawa wa Ufaransa wa karne ya 17. Hii ni ya nane.

Nani alithibitisha?

Ni Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, mwaka 1772. Kikokotoo hakuna!

Ilitosha kujaribu vigawanyo hadi 46,340, maana kigawanyo kinachozidi hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo. Euler akapunguza kazi zaidi: alionyesha kwamba kigawanyo, kama kipo, ukikigawa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Zikabaki namba zisizofika 400 za kujaribu. Hakuna hata moja iliyogawa.

Inahusu nini simu yako?

Mifumo mingi huhifadhi namba kwa biti 32. Biti moja huonyesha kama namba ni chanya au hasi, zinabaki 31. Zote zikijaa, unapata 2,147,483,647. Hapo ndio mwisho.

Kuwa tasa ni bahati tu. Mfumo wa biti 16 huishia 32,767, na hiyo inagawanyika kwa 7.

Desemba 2014, YouTube ilisema haikuwahi kufikiria video moja ingetazamwa mara zaidi ya hizo, hadi ilipokuja Gangnam Style ya PSY. Ikahamia biti 64.

Kwa nini 2038?

Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia 1 Januari 1970. Zenye biti 32 zitajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi na sekunde 7 kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, hesabu inageuka hasi na tarehe inaruka hadi 13 Desemba 1901.

Kifaa kinachoamini ni 1901 kinaweza kukataa kufungua tovuti salama, au kukosea tarehe ya malipo.

Je, uogope?

Simu mpya nyingi zinatumia biti 64, ambazo zitahesabu sekunde kwa zaidi ya miaka bilioni 290. Shida iko kwenye simu za zamani na mitambo yenye programu ambazo hakuna anayezigusa. Kwa hiyo simu ikikuomba usasishe programu, usiipuuze.