Mwana Asiye na Mikono

Mtoto mdogo akiwekewa vitu viwili mbele yake, kimoja cha dukani na kimoja cha jalalani, aghalabu humwaibisha aliyetoa fedha. Nililishuhudia hilo Maili Moja, Kibaha, barazani kwa jamaa zangu. Mjukuu wa nyumba ile, binti wa miaka mitatu, aliletewa kutoka mjini mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za dhahabu, macho ya kufumba na kufumbua, na kilio kila alipobonyezwa tumbo. Alicheza naye hadi alasiri. Magharibi nilimkuta kamtupa mkekani, naye amebeba mgongoni gunzi la muhindi kwa kipande cha kanga, akilibembeleza lilale. Nilimwuliza kwa nini kamwacha yule mwingine. Akanijibu: "Yule analia mwenyewe."

Nimelitafakari jibu hilo kwa muda mrefu, kwani nchi ile ya Kibaha na Kisarawe, makazi ya Wazaramo na jirani zao Wakwere, ililijua kabla ya plastiki kufika. Ndiyo nchi ya mwana hiti.

Mwana hiti ni sanamu ndogo ya kutosha kiganjani, ya mti au ya kibuyu. Kiwiliwili chake ni mche wa mviringo. Hana mikono wala miguu. Uso wake ni alama chache tu. Juu ya kichwa nywele zimesukwa zikagawanyika kama vishungi viwili, na kifuani mna matiti madogo na kitovu. Hakuwa kichezeo cha mtoto mdogo. Alikabidhiwa mwali aliyevunja ungo na kuwekwa ndani. Huko ndani mwali alimwogesha, akampaka mafuta, akamtunza nywele, kama vile yeye mwenyewe alivyotunzwa na wakubwa wake. Kwa Wazaramo, ambao ukoo wao hufuatwa upande wa mama, kuzaa kwa binti ndiko kuendelea kwa ukoo. Hivyo aliyekuwa akilelewa mle ndani hakuwa kijiti.

Kwa nini basi mchongaji, aliyejua kuchonga viungo vyote, akamnyima mwana wake mikono? Sidai kuijua nia ya waliotangulia. Lakini naiona kazi iliyofanywa na upungufu ule: mwana asiye na mikono hawezi kujishika, sharti ashikwe. Mwaka 1933 mwanasaikolojia wa Kirusi, Lev Vygotsky, alieleza jinsi fimbo inavyokuwa farasi mbele ya mtoto: si kwa kufanana na farasi, bali kwa kuwa mtoto anaweza kuipanda. Binti wa Kibaha hakuwahi kumsoma Vygotsky. Gunzi lake halikufanana na mtoto hata kidogo, lilimhitaji, basi. Yule wa plastiki alikuwa amekwisha kamilika, hakumwachia mlezi wake kazi yoyote. Sisi watunzi tunalijua jambo hili: shairi linalojieleza lenyewe hadi neno la mwisho husifiwa mara moja, kisha halirudiwi.

Siku za kukaa ndani zilipungua kadiri shule zilivyoenea, na hasa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 lililotaka kila mtoto asome. Hilo silijutii; binti kusoma ni heri. Ninachokijutia ni njia aliyoishika mwana hiti mwenyewe. Marja-Liisa Swantz kutoka Ufini, aliyeishi na Wazaramo katika miaka ya 1960, aliandika juu ya mila zao katika kitabu chake cha mwaka 1970, wakati bado zina wenyewe. Mwaka 1990 Marc Felix alichapisha mjini München kitabu kilichobeba jina la mwana hiti, na leo sanamu hizo zimo katika makumbusho na mikusanyo ya watu binafsi Ulaya na Marekani, nyuma ya vioo, haziogeshwi wala hazipakwi mafuta.

Mimi ni mfasiri, na mizani yangu ni maneno. Vibao vya huko humwita "sanamu" au "mwanasesere". Lugha ya wenyewe ilimwita mwana. Sanamu huuzwa, mwana hulelewa, na akipotea hutafutwa.

Sisemi vichezeo vya dukani vichomwe. Nasema tunapomnunulia mtoto, tujiulize kitu hicho kimemwachia nini cha kufanya. Usiku ule, kabla ya kulala, bibi wa nyumba alitaka kulitupa gunzi jikoni, liwashiwe moto wa asubuhi. Mtoto akamzuia kwa kidole mdomoni: "Bibi, polepole. Ndiyo kwanza amelala."

Bibi akalirudisha mkekani, akalifunika.